Mvua iliingia ndani ya valizi



Wewe uliye Likasi, Kolwezi ao Kipushi, ukisikia neno «mwezi wa saba» unafikiri nini? Baridi ya asubuhi, vumbi ya njiani, midomo inayopasuka, mama anatafuta vaselini. Mvua? Hapana. Kwetu Katanga mvua inatuaga mwezi wa nne na hatuioni tena mpaka mwezi wa kumi. Mimi pia nilihesabu hivyo. Nilipokwenda Kisangani mwezi wa saba 2022 kumwamkia yaya wangu, niliacha mwavuli nyumbani, nikabeba jaketi ya baridi. Yaya alipoiona alicheka mpaka akakaa chini.

«Jaketi ya nini? Huku iko joto ya kuivisha ndizi!»

Kumbe Kisangani iko karibu kilomita 60 tu kaskazini ya mstari wa ikweta. Huko mwezi usio na mvua haupo. Jua linapiga wima, pori kubwa linatoa maji yake kama sufuria iliyoachwa wazi, hewa ya moto inapanda juu, na kufika jioni ile maji yote inatafuta njia ya kurudi chini. Kuna miezi inayonyesha zaidi na miezi inayonyesha kidogo, lakini hakuna mwezi unaosahau. Ndiyo maana watu wa Kisangani hawasemi «mvua itakuja?» Wanasema «itakuja saa ngapi?»

Nataka nikusimulie siku tatu tu za nyumba ile. Si nyumba ya watu wakubwa. Iko katika komini ya Mangobo, matofali ya udongo, tole za zamani, mwembe mmoja mbele ya mlango. Ndani wako watu saba: yaya, shemeki, watoto wanne, na mama ya shemeki, ambaye wote tunamwita koko. Zamani shemeki alikuwa na toleka, yaani baiskeli ya kubeba watu, ambayo Kisangani nzima iliijua tangu miaka ya 1990. Leo pikipiki zimewashinda wenye baiskeli wengi, naye anatengeneza pikipiki za wengine kando ya barabara. Na katikati ya kazi hizo mbili alipita pia kwenye mashimo ya almasi, miezi mingi, mbali na nyumba. Kumbuka jambo hilo. Litarudi.

Siku zenyewe zilifuatana. Jumamosi tarehe 30 mwezi wa saba ilikuwa siku ya kawaida. Jumapili tarehe 31 kitinda mimba, msichana, alikuwa anatimiza miaka 7. Jumatatu tarehe 1 Agosti ni Siku ya Wazazi, siku kuu ya nchi nzima, unaijua. Yaya alikuwa amehesabu franka zake kwenye kitambaa: hizi za gato kwa mama mmoja wa jirani anayeoka vizuri, hizi za kuku wa Jumatatu, hizi za mishumaa. Mtoto mwenyewe alikuwa ameanza kuhesabu tangu Juni. Kila asubuhi aliniuliza: «Mama mudogo, imebaki siku ngapi?»

Usiku wa Jumamosi

Jumamosi joto lilikuwa la ajabu. Mbuzi wa jirani alilala chini ya meza. Kama saa kumi na moja ya jioni wingu jeusi lilisimama upande wa mashariki, na upepo ukakata kabisa. Koko aliangalia juu, akaanza kuingiza viti.

Upepo ulikuja mbele ya mvua. Ulipita kwenye miembe ya avenyu yote na sauti kama gari-moshi. Kisha maji. Kama umewahi kulala chini ya tole wakati wa mvua kubwa unajua: hausikii mtu aliye kando yako. Tulikuwa tunasema na mikono. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, basi yaya aliwasha mshumaa mmoja kati ya ile ya siku kuu.

Radi ilipoanza kupiga karibu, koko hakukaa nasi. Aliteremka polepole akakaa chini, kati ya kitanda na ukuta, na kumvuta kitinda mimba kando yake. Nilitaka kumwinua, yaya akanishika mkono. Kisha alinielezea. Kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 10 ya mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani wenyewe. Maelfu ya mabomu yaliangukia mitaa ya watu, mamia ya raia walikufa. Watu wanaviita vita vya siku sita. Koko alilala siku zile zote kati ya kitanda na ukuta. Anajua vizuri sana kwamba radi si bomu, lakini magoti yake hayajui.

Na kwa radi peke yake, usicheke, kuna sababu ya kuogopa. Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu miali ya radi ya dunia nzima kwa setilaiti walitangaza kwamba mahali pa kwanza ni ziwa la Maracaibo, huko Venezuela. Mahali pa pili ni Kabare, kwetu Kivu ya Kusini. Basi mvua ikikukuta njiani, mwembe si rafiki yako. Ingia ndani ya nyumba, hata ya mtu usiyemjua. Wacongo hawafukuzi mtu kwenye mvua.

Mara tukasikia mlio wa chuma kinachopasuka, na maji ikaanguka katikati ya chumba cha wazazi kama mtu amemwaga ndoo. Tole mbili zilikuwa zimekwenda. Shemeki na kijana wake mkubwa walisukuma kitanda, watoto wakashika masafuria na mabeseni, kila mtu akakimbia mahali pake bila kuambiwa. Nilishangaa: wale watoto walikuwa wamezoea. Tuliokoa godoro, tukaokoa unga, tukaokoa nguo za masomo.

Hakuna aliyekumbuka valizi.

Yaya alikuwa ameiweka juu ya kabati, kusudi panya wasiifikie. Panya hawakuifikia hata siku moja. Mvua iliifikia.

Kuanika karatasi

Asubuhi jua lilitoka safi kama hakukuwa na kitu. Ndivyo Kisangani ilivyo. Njia zilikuwa na mifereji mipya, watoto wa kartie walikuwa wanaokota maembe mabichi, na jirani alikuja na tole moja aliyoiokota nyuma ya choo chake, imejikunja kama jani. Moja ile ilinyooshwa kwa nyundo. Nyingine haikuonekana. Basi pesa ya gato ilikwenda kununua tole na misumari, na nusu ya pesa ya kuku pia. Yaya hakusema kitu. Alifungua kitambaa, akatoa, akafunga.

Watu wengine walikwenda Misa ya kwanza, mimi nikabaki na binti mkubwa, mwenye miaka 14, kuanika yaliyokuwa ndani ya valizi. Tulitandaza kila karatasi juu ya meza na juu ya mkeka, jiwe dogo juu ya kila moja. Karatasi ya ndoa ya wazazi. Diploma ya shemeki, yenye doa la kahawia. Kadi za chanjo. Risiti za masomo ya miaka kumi. Picha ya babu akiwa kijana, amevaa suruali pana, mbele ya maporomoko ya Wagenia. Na karatasi za kuzaliwa za watoto, zile zenye muhuri wa komini: ya kifungua mimba, ya huyu binti, ya kijana wa tatu.

Kitinda mimba aliporudi kutoka Misa alisimama mbele ya meza na kanzu yake nzuri. Ilikuwa siku yake, alitaka kuona jina lake. Anajua kusoma kidogo. Alipita kwenye karatasi moja moja na kidole.

«Yaya, na yangu iko wapi?»

Dada yake alitafuta. Mwisho alipata karatasi moja ndogo, ya nyumba ya kuzalia, ile wanayokupa siku ya kutoka na mtoto. Ilikuwa imeandikwa kwa bic ya buluu. Jina la mama lilisomeka. Uzito ulisomeka. Mahali pa tarehe palikuwa na doa la buluu tu, na nyuma yake 2015.

Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yake yote duniani.

Kumbuka sasa mashimo ya almasi. Mtoto yule alipozaliwa, shemeki alikuwa machimboni. Yaya alijua kwamba lazima mtoto aandikishwe komini, kwa sababu wale watatu waliandikishwa. Lakini alifikiri ni kazi ya baba, alimngojea, na baba alirudi mtoto ameshaota meno. Wakasema: tutakwenda mwezi ujao. Miezi ile imekuwa miaka 7.

Shemeki alikuwa bado juu ya nyumba, misumari mdomoni. Alisikia yote. Aliacha kupiga nyundo kidogo, kisha akaanza tena.

Hapa niruhusu, msomaji, niache Kisangani kidogo niseme nawe, kwa sababu nyumba ya namna hii najua ziko nyingi kwetu, Kolwezi, Fungurume, Kambove, mahali pote ambapo baba anakwenda kwenye shimo na kurudi siku isiyojulikana. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kila mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Na si baba peke yake anayeweza kwenda. Mama anaweza. Mtu wa jamaa wa karibu anaweza. Hata aliyekuwapo wakati wa kuzaa anaweza kutoa habari mbele ya ofisi ya eta-sivili ya komini. Unabeba karatasi ya nyumba ya kuzalia, na vitambulisho. Karatasi ile ndogo ya bic si mwisho wa njia, ni tikiti ya kuingilia. Wengi wanadhani ukiwa nayo umemaliza. Hujamaliza.

Siku 90 zikipita, mlango wa komini peke yake hautoshi tena. Inabidi kwanza kupata hukumu ya tribinali ya watoto, na kufika na mashahidi, na njia hiyo ina gharama zake na siku zake za kungojea. Uchunguzi uliofanywa nchini kwetu 2017 na 2018 ulionyesha kwamba kati ya watoto 10 wenye umri chini ya miaka 5, kama 4 tu ndio walioandikishwa. Hesabu watoto wa avenyu yako.

Utasema: karatasi inalisha? Hailishi. Lakini siku kijana wa miaka 14 atakaposimama mbele ya shimo na mtu kusema «huyu ni mtu mzima, aingie», utaonyesha nini? Sheria inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, lakini ni nani atakayeijua miaka yake, kama wewe mwenyewe unaihesabu kwa mvua?

Basi turudi. Yaya alikumbuka kitu ambacho mimi sikukifikiria: ubatizo. Mchana ule ule tulikwenda naye parokiani. Katibu alikuwa anafunga ofisi, alilalamika kidogo, kisha akafungua kitabu kikubwa cha 2015. Ilikuwa pale, kwa mwandiko mzuri wa kalamu nyeusi: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, amezaliwa tarehe 31 mwezi wa saba. Mtoto aliinuliwa aone. Alisoma tarehe kwa sauti, katibu akasema: «Leo? Basi siku kuu njema!» na kumpa bonboni kutoka mezani.

Gato? Hakukuwa na gato. Kulikuwa na lituma, ndizi zilizopondwa mpaka zikawa mviringo mkubwa, pamoja na samaki mbichi ambao kijana aliwafuata kwa Wagenia. Juu ya lituma walisimamisha kipande cha mshumaa kilichobaki usiku wa mvua. Mtoto alipuliza, kikazimika, akataka kiwashwe tena, akapuliza mara ya pili. Koko alicheza. Chumba cha wazazi kilikuwa bado kinanuka maji.

Jumatatu, makaburini

Unajua namna Siku ya Wazazi inavyopita kwetu, tangu enzi ya Zaire: asubuhi ni ya wazazi waliokufa, mchana ni wa wazazi walio hai. Kisangani ni vile vile. Saa moja barabara ilikuwa imejaa watu wenye majembe na mapanga, wanawake na ndoo za chokaa, watoto wanauza mishumaa na maji ya sashe. Makaburini watu wanasalimiana kama sokoni. Huyu anakata majani, yule analia kidogo, mwingine anaulizana bei ya saruji. Padre alipita akibariki.

Mvua ya Jumamosi ilikuwa imechimba kando ya kaburi la babu, mume wa koko. Tulijaza udongo, tukapaka chokaa. Kwenye saruji waliandika hivi wakati ule: «Alizaliwa karibu na 1938. Alikufa tarehe 3 Machi 2011.» Kitinda mimba, ambaye tangu jana alikuwa anatafuta tarehe kila mahali, aliuliza:

«Koko, karibu na ni mwezi gani?»

Watu walicheka. Koko hakucheka sana. Alisema yeye mwenyewe pia ni «karibu na». Anachojua ni kwamba siku ya Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, alikuwa msichana wa kuchota maji, na ndoo ilimwagika kwa sababu alikimbia kuona watu wanaocheza. Tangu hapo anahesabu.

Mchana watoto walikataza wakubwa kukaribia moto. Ndiyo desturi ya nyumba ile: siku hiyo mama hashiki mwiko, baba hatumi mtu. Kuku alikuwa nusu, lakini sombe ilikuwa nyingi. Watoto walileta zawadi: sabuni kwa mama, soksi kwa baba, kitambaa cha kichwa kwa koko. Binti mkubwa alisoma maneno ya shukrani aliyoyaandika kwenye karatasi ya daftari. Shemeki alijibu vizuri, ni mtu wa maneno mazuri. Tukapiga makofi.

Ndipo koko akaomba kusema. Alibaki ameketi.

«Mwanangu, leo unakula siku kuu ya wazazi. Ni vizuri, unafanya kazi, tunakula. Baba yako alikosa tarehe juu baba yake hakujua kuandika. Hatumlaumu. Lakini wewe unajua kuandika. Nimeona diploma yako jana, inakauka kwenye mkeka. Sasa huyu mutoto, uko unangojea nini?»

Hakuna aliyetazama mwingine. Nje pikipiki ilipita. Mimi kama shemeki yake nilitamani kuwa jikoni. Aliangalia soksi zake mpya alizozishika mkononi, akasema: «Mama, una haki.» Basi. Hakuongeza neno, na mimi nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa yale maneno mazuri ya kwanza. Kuna wababa wengi wangekasirika.

Sijui kama unalijua, lakini Sheria ya Familia ya nchi yetu, ile inayosema juu ya ndoa na kuzaliwa na kufa kwetu sote, ina tarehe 1 Agosti 1987. Siku ya Wazazi yenyewe. Nilimwambia shemeki jioni, tukiwa wawili nje. Akasema: «Basi wamenikamata pande zote mbili.»

Jumanne hakufungua kazi yake. Alivaa shati la Jumapili, akachukua karatasi ya nyumba ya kuzalia, ambayo sasa ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama jani la ndizi, na karatasi ya parokia yenye muhuri. Koko alikuwa shahidi mmoja. Jirani aliyeokota tole alikuwa shahidi wa pili, kwa sababu usiku ule wa 2015 ni yeye aliyempeleka yaya kujifungua, kwenye toleka. Walirudi saa tisa, wamechoka, wameambiwa warudi. Walirudi. Waliambiwa tena warudi. Mimi niliondoka Kisangani na jaketi yangu ambayo sikuivaa hata siku moja, na karatasi ilikuwa bado.

Mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ya Likasi ilikuwa inapiga dirisha langu wakati simu ililia. Sauti ya shemeki, na nyuma yake mvua yao. Hakunisalimia. Alisema: «Ngoja, nakupatia mwenyewe.» Mtoto alichukua simu akaanza kunisomea, pole pole, neno kwa neno, na muhuri pia aliusoma. Alipofika kwenye tarehe aliisoma mara tatu. Kisha aliniuliza kama imebaki siku ngapi.